Ua Uliloniachia Dirishani Nkuhungu

Mpendwa mke wangu Perisi, mtani wangu,

Kabla hujaisoma, kaa kwanza. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nasukuma guta langu la maji, madumu kumi na mawili kila mzunguko, na mgongo bado haujaandika barua ya kuacha kazi. Kinachoniuma ni ulimi. Ugonjwa wake unaujua, maana ulitoka kwangu ukakuangukia wewe.

Habari zako za huko Mpwapwa nazipata kwa mama yako. Anasema unakula kidogo, unamwagilia mchicha, na kucheka hucheki. Nikimpigia nikamwambia, "Shikamoo mama," anaitikia, "Marahaba mkwe," basi. Tunasikiliza kuku wake wanavyogombana mpaka salio langu linakata. Simlaumu. Angekuwa mama mwingine angeshaniwekea mbwa kwenye simu.

Barua hii ina jambo moja tu. Ile asubuhi nilikuwa uani naosha madumu, ukatoka ndani umejifunga kanga mbili, umeshika ukuta kama bibi kizee, ukaniuliza, "Kulwa, alikuwaje?" Ulimaanisha mtoto wetu. Mimi nilimwona, wewe hukumwona. Nilichokujibu unakikumbuka, na mimi nakikumbuka kila nikishika dumu. Leo nataka nikujibu upya. Ila unanijua, mimi siendi moja kwa moja kama basi la Dar, mimi nasimama vituo vyote. Nivumilie. Nitapitia kwenye ua lako kwanza.

Na nimeiandika wazi, asome yeyote. Dada wa steshenari amenipigia chapa nakala mbili, moja yako, moja naibandika pale kioski cha maji cha Nkuhungu ambapo watu wote wa mtaa wanapanga foleni. Mzaha wangu niliufanya mbele za watu. Samahani yangu nikikuletea kwa kificho itakuwa ujanja, na ujanja wangu umekuchosha.

Unakumbuka tulivyoanza? Ni kioski hichohicho. Maji yalikuwa hayajatoka siku tatu, foleni imefika mpaka kwa fundi cherehani, na mimi nimewatangulia wote kwa sababu nina guta. Ukasimama mbele ya tairi langu na ndoo yako nyekundu. Hukunisalimia, ukaniambia, "Wewe Mnyamwezi, umetoka Tabora mpaka huku kutuuzia maji yetu wenyewe?"

Nikakujibu, "Babu yangu alipita hapa kwa miguu, kichwani pembe ya ndovu, mkamwuzia maji kwa bei ya ng'ombe. Mimi nimekuja kuchukua chenji."

Foleni nzima ilicheka. Wewe hukucheka, ulibana midomo, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Nikajua hapa nimepata mtu. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, hata tusipojuana tunaruhusiwa kutukanana bila kesi. Kwa hiyo mimi na wewe tulitukanana miezi minne, halafu nikaleta barua ya posa. Kaka yako mkubwa akaniuliza kwenye kikao, "Unampendea nini dada yetu?" Nikamwambia, "Ndiye Mgogo pekee ambaye hajaniomba kitu." Walinitoza faini ya mbuzi kwa maneno hayo. Mbuzi mwenyewe alikuwa mzee, meno yote yameisha, na uliwaambia, "Mpokeeni tu, wamefanana."

Nilikuwa na raha, Perisi. Sikujua kama mtu anaweza kuishi na mtani wake ndani ya chumba kimoja na sebule, na kila siku asubuhi aamke anatukanwa kwa mapenzi.

Sasa ua.

Ulilileta jioni moja ukitoka kazini kule Mtumba, kwenye zile ofisi ulizokuwa unafanya usafi. Bosi mmoja alihamishwa mkoa, akaacha vitu vyake, na katika vile vitu kulikuwa na chungu cheupe cha plastiki chenye kamti kafupi. Majani manene, ya mviringo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, ila siku hiyo yalikuwa yamesinyaa kama pochi yangu. Vumbi juu yake ungeweza kupanda mtama.

Nikakuuliza, "Hii mboga tunaiunga na karanga?"

Ukasema, "Koma wewe. Hili lilikaa ofisini limefungiwa miezi miwili, hakuna aliyelipa hata tone la maji, na bado lipo. Hili ni Mgogo mwenzangu."

Basi likaitwa Mgogo. Ukaliweka dirishani, upande linapopata jua la asubuhi, jua la saa sita lisilifikie. Ukalifuta vumbi jani moja moja kwa pindo la kanga lililoloana. Kila Jumapili ukitoka kanisani unaligeuza kidogo, ili lisiinamie upande mmoja. Na kabla ya kulimwagilia ulikuwa unachomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Ukikuta ubichi, unaliacha. Ukikuta pakavu kabisa, unalipa kikombe kimoja cha chai, pembeni pembeni, polepole. Mara mbili kwa mwezi, basi. Ile miezi ya baridi, upepo wa Dodoma unapokata masikio, ulikuwa hulipi kabisa.

Mimi nilikuwa nakuangalia tu. Moyoni nasema, huyu mwanamke ameolewa na muuza maji, nyumba nzima madumu, na ua analipimia kama dawa ya kikohozi. Nilidhani ni ubahili. Sikukuuliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, kuona kitu kila siku na kutokukiuliza.

Halafu ukapata ujauzito, na nyumba ikabadilika harufu. Ulikuwa unataka udongo wa kichuguu, ulikuwa unataka ubuyu, ulikuwa unataka nisikae karibu yako kwa sababu nanuka mpira wa guta. Nilipita kila nyumba ninayopeleka maji nikitangaza. Mteja akisema anataka madumu mawili namwambia, "Chukua matatu, mke wangu ana mimba." Haina maana yoyote lakini watu walichukua matatu. Ulikuwa unakaa pale dirishani karibu na Mgogo, miguu kwenye beseni, unamwambia yule wa tumboni, "Baba yako ni Mnyamwezi, lakini usijali, tutakufundisha ustaarabu."

Mimba ilipofika mwezi wa saba ukaanza kuumwa ghafla. Nilikupeleka hospitali. Wakakuingiza chumba cha upasuaji, wakafanya walichoweza, wewe wakakurudisha. Yeye hakurudi. Ulikuwa bado umelala kwa dawa aliponiita nesi mmoja mzee, akaniambia, "Baba, pole, njoo umwone." Nikaenda. Wazee wa upande wako na wa upande wangu wakakubaliana pale nje kwamba mama asionyeshwe, ataumia zaidi, azikwe leo leo. Wakaniangalia. Nikatingisha kichwa kwamba ndiyo. Hilo nalo ni langu, usimtafute mwingine wa kumlaumu. Nilikuwa na mdomo wa kuchekesha foleni nzima, lakini wa kusema "subirini aamke mama yake" sikuwa nao.

Mimi nabeba dumu la lita ishirini kila mkono, siku nzima, napanda ngazi. Kile kisanduku kilikuwa chepesi kuliko dumu tupu, na nilishindwa kukibeba. Kaka yako alinishika kiwiko njia nzima.

Siku ya tatu ukarudi nyumbani. Watu wakaja kutoa pole. Wanawake wakakaa na wewe ndani kwenye mkeka, wanaume nje kwenye mabenchi ya kuazima. Na huko nje palikuwa kimya, Perisi, kimya cha kutafuna. Kila mtu anaangalia viatu vyake. Nilihisi kama kimya kile kingekaa dakika moja zaidi kingenipasua. Ndipo nikasimama.

Sisi tunajua kazi ya mtani msibani. Wengine wanalia, mtani anachekesha. Anaweza kulala kwenye kaburi akadai mpaka alipwe ndiyo atoke, anaweza kumuiga marehemu alivyokuwa anatembea, na hakuna anayekasirika, kwa sababu anawapunguzia mzigo wenye msiba. Mimi nimefanya kazi hiyo kwenye misiba ya Wagogo mingi, wananiita. Basi nikasimama, nikageuza dumu, nikalipiga kama ngoma, nikasema, "Jamani msilie! Huyu mtoto ni Mnyamwezi kamili, ana akili! Kafika mlangoni, kachungulia, kaona Ugogo hakuna maji, kageuza gari!"

Watu wakacheka. Walicheka kweli, maana walikuwa wanatafuta pa kutokea. Na katikati ya kile kicheko nikasikia ndani, nyuma ya pazia, mkeka umenyamaza.

Mama yako akatoka. Hakupaza sauti. Akaniambia pale mlangoni, "Mkwe, utani wa msibani ni wa watani. Mfiwa hatanii. Mfiwa analia." Akarudi ndani.

Sikuelewa. Nilidhani amekasirika tu. Kumbe alikuwa ananiambia mahali pangu pa kukaa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la watani wakati mkeka wa wafiwa ulikuwa na nafasi yangu, pembeni yako.

Kesho yake ndiyo ukaniuliza, alikuwaje. Na mimi nikajibu, sijui nilikuwa na shetani gani, "Alifanana na mimi, kwa hiyo bora hukumwona." Nikacheka mwenyewe. Ukarudi ndani, hukuuliza tena. Baada ya wiki tatu ukafunga begi. Nikakuomba tarehe ya kurudi kama mtu wa ofisini. Ukasema, "Niache nipumzike, Kulwa." Ulipofika mlangoni ukageuka ukaonyesha dirishani, ukasema, "Na lile ua usiliguse."

Nililigusa.

Sikia nilivyofanya, halafu ucheke au ulie, vyote sawa. Nilisema, huyu ameondoka kwa sababu mimi sikumtunza. Basi nitamtunzia ua lake mpaka akirudi ashangae. Mtu wa Dodoma anaonyeshaje mapenzi? Mgeni akija unampa nini kwanza? Maji. Kila siku asubuhi, kabla sijampelekea mteja yeyote, jagi la kwanza lilikuwa la Mgogo. Nusu jagi! Na siku moja nikaona maji yanatokea chini ya chungu. Nikakigeuza, nikaona tundu. Nikasema, loo, maskini, kumbe muda wote huu linavuja! Unanijua mimi na kitu kinachovuja. Nikafanya kama ninavyoziba madumu, nikawasha mshumaa, nikayeyusha kipande cha plastiki, nikapachika. Halikuvuja hata tone. Nilijisifu mpaka kwa majirani.

Wiki mbili za kwanza lilinenepa. Majani yalijaa kama mashavu. Nikawa namwita kila mpita njia, "Njoo uone ua la mke wangu, linakula vizuri." Halafu jani moja likawa la njano, likaonekana ndani kama karatasi iliyolowa mafuta. Nikaligusa likadondoka. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Yakadondoka manne. Nikaongeza. Shina chini likawa jeusi, laini, na lina harufu ya viazi vilivyosahauliwa kwenye gunia.

Nilichanganyikiwa. Sikuwa nalilia ua, usinidhanie nimefika huko. Ila kitu kimoja ulichoniachia kilikuwa kinaoza mikononi mwangu na nilikuwa nakipa kila nilichonacho.

Nikalipakia kwenye guta katikati ya madumu, nikalipeleka kwa yule mama anayeuza miche ya miti na maua barabara ya kwenda Area A, ambaye namletea maji ya kumwagilia. Watu wanamwita Mama Miche. Unamkumbuka, yule mwenye sauti ya mnada. Akaliona tu akasema, "Nani kaua?"

Nikamwambia, "Limeanza lenyewe."

"Lenyewe! Unalipa maji mara ngapi?"

"Kila siku. Silinyimi."

Akakibinua chungu. Akaona plastiki yangu. Akaiangalia, akaniangalia, akaita wenzake wa upande wa pili wa barabara. "Jamani njooni! Njooni mumwone muuza maji! Kaziba tundu! Sasa we baba, ua litakojolea wapi?"

"Lilikuwa linavuja, mama."

"Lilikuwa linapumua! Angalia majani haya. Haya ni madumu. Hili lina madumu yake mwenyewe, linatunza humu ndani linakunywa taratibu. Halihitaji wewe na guta lako. Limekunywa mpaka limelewa, mizizi imeoza."

Walinicheka vya kutosha. Nilistahili. Nilipouliza kama litapona, akachukua kisu, akakata juu, kwenye tawi moja lililobaki gumu, la kijani, urefu wa kidole. Kilichobaki chote akakitupa. Akanipa kile kipande na masharti. Nisikipande leo. Nikiweke kivulini juu ya karatasi, kikae hivyohivyo na kidonda chake wazi, bila udongo, bila tone la maji, mpaka kidonda kikauke na kufunga chenyewe. Ukipanda kidonda kibichi, kinaoza tena.

Nikamuuliza, "Siku ngapi?"

"Mpaka kikauke."

"Yaani kama siku tatu?"

"Una haraka ya nini, unakipeleka Kibaigwa kwenye soko la mahindi? Mpaka kikauke! Na usikishikeshike."

Nikakirudisha nyumbani, nikakiweka juu ya kabati kwenye kipande cha gazeti. Na hapo ndipo nilipoteseka, mke wangu. Mimi sijawahi kukaa na kitu kinachoumwa bila kukifanyia kitu. Mvua ikinyesha nauza miamvuli, zabibu zikiiva nauza zabibu, mtu akinuna nauza kichekesho. Nikirudi na guta mchana nakaa kwenye dumu lililogeuzwa, nakiangalia. Mkono unataka kwenda. Naukalia.

Mchana wa siku ya nne nilikuwa nimekaa hivyo, nje kuna jua kali, watoto wa jirani wanacheza rede, na nikaanza kulia. Sikupanga. Nililia kwa sauti mpaka mke wa jirani akaja mlangoni akauliza, "Baba, kuna nini?" Mdomo wangu, unaujua, ulishaleta kichekesho mpaka kwenye meno. Nikakimeza. Nikamwambia, "Namlilia mwanangu." Akasema, "Haya baba, lia," akakaa kizingitini, hakusema neno lingine mpaka nilipomaliza. Ilikuwa miezi minne tangu tumzike.

Ndipo nikamwelewa mama yako. Nilikuona unavuja, Perisi, nikaziba. Wewe ulikuwa na kidonda, mimi nikamwaga. Nilileta zawadi, nilileta soda, nilileta wachekeshaji wa kijiweni waje wakuchangamshe, nikakwambia bado vijana tutapata mwingine. Nilikuwa namwaga jagi kila asubuhi. Wewe ulikuwa unataka mtu mmoja akae na wewe pakavu. Na mtu mwenyewe alikuwa ni mimi tu, hakuna mwingine duniani aliyefiwa na mtoto yule isipokuwa mimi na wewe.

Sitaki nikudanganye kwamba nimekuwa mtakatifu. Jana tu nimetozwa faini na watani kwa maneno niliyomwambia mzee mmoja kuhusu suruali yake. Nitaendelea kuchekesha, ndiyo mkono wangu wa kulia. Lakini nimejua sasa kuna benchi na kuna mkeka.

Kile kipande kilikauka siku ya kumi. Kidonda kilifunga, kikawa kama kisigino cha mtu mzima. Nikatoboa kopo la rangi kwa msumari, matundu sita, Mama Miche aje ahesabu. Nikaenda korongoni nikachota mchanga wa chenga, nikachanganya na samadi kidogo, nikakichomeka. Sikukipa maji wiki nzima, halafu nikakipa kikombe kimoja cha chai, pembeni pembeni, kama ulivyokuwa unafanya. Juzi nimekivuta kidogo kwa vidole viwili. Kimenikatalia. Kina mizizi. Sisemi ua ni mtoto, na sisemi chochote kimechukua nafasi ya chochote. Ua ni ua. Nimekwambia ili ujue niliharibu, na kilichobaki nakitunza kwa masharti yako.

Haya. Vituo vimeisha. Uliniuliza alikuwaje.

Alikuwa wa kike. Najua walikuambia, lakini nataka usikie kwangu. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja kama zimechanwa. Paji la uso lilikuwa lako, lile pana unalolikunja ukinisikia nadanganya, na alikuwa amelikunja hivyohivyo. Sikio la kushoto lilikuwa limejikunja juu kidogo. Vidole virefu. Nilimfunga mwenyewe kwenye kile kitenge cha njano ulichomnunulia, nesi akataka kunisaidia nikakataa. Hakufanana na mimi. Nilikudanganya. Alifanana na wewe, alikuwa mzuri, na nilikuwa naogopa kwamba nikikwambia alikuwa mzuri utakufa.

Kuna mengine. Kuna nilichomwambia pale, mimi na yeye tu, kabla hawajamchukua. Hicho hakiwezi kubandikwa kioski cha maji. Nitakwambia wewe, sikioni, ukiniruhusu. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi kuja Mpwapwa. Sina zawadi, sina stori. Kama hutaki nifike ndani, mwambie mama, nitakaa kwake uani mpaka jioni, nitarudi. Kama unataka, niwekee nafasi kwenye mkeka tu. Utauliza unachotaka, nitajibu. Ukisema basi, nitaacha. Ukitaka tukae kimya, nimejifunza, naweza sasa, hata mchana kutwa.

Ila moja nitakwambia hapahapa, na wasome. Nilipomshika nilitafuta neno la kumwambia, Kiswahili kikakataa, Kinyamwezi kikakataa. Nikamwamkia kwa Kigogo changu kibovu, kwa sababu niliona ni mtoto wa kwenu na hapa ni kwao. Nikamwambia, "Mbukwa, mwanangu." Nikasubiri kidogo, kama mtu anavyosubiri kuitikiwa.

Ni mimi,
baba yake.